Marehemu Tom Mboya na Ndege za Wanafunzi

Matokeo ya mtihani wa sekondari yatangazwapo, zipo nyumba ambamo furaha hudumu siku moja tu. Mtoto amefaulu, majirani wamekuja kumpongeza mama yake; usiku ukiingia wazazi hukaa kuhesabu walicho nacho, nao huona ya kuwa mlango wa chuo kikuu uko mbali kuliko walivyodhani. Wengine hugeuza macho ng'ambo, wakisikia kwamba huko vyuo huwapa wageni misaada ya masomo. Kwa ajili ya nyumba hizo tumeona vema kuyaeleza maisha ya marehemu Thomas Joseph Mboya. Watu wengi humkumbuka kwa siasa na kwa kifo chake. Sisi leo twapenda kumkumbuka kwa ndege.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, katika shamba la katani karibu na Kilimambogo, upande wa Thika. Baba yake, Leonardus Ndiege, Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara katika shamba hilo la Mzungu. Basi mtoto alikulia mbali na kwao, kati ya Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao pamoja na Kiswahili na Kijaluo, jambo ambalo baadaye lilimfaa kuliko vyeti vingi. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, naye alisomeshwa na misheni: kwanza Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na mwaka 1946 akaingia shule ya Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Mang'u.

Mwisho wa mwaka 1947 fedha zilikoma. Mshahara wa nyapara haukuweza kumlipia yeye pamoja na ndugu zake. Kijana alikuwa amekwisha fika mahali ambapo muda mfupi tu ulimtenga na cheti cha Cambridge, nacho ndicho kilichokuwa ufunguo wa Makerere. Hapo ndipo alipoacha. Hakuacha kwa uvivu wala kwa kushindwa mtihani. Twaomba wazazi wasomao habari hii walishike neno hilo, maana mara nyingi mtoto aliyerudi nyumbani kwa ajili ya karo hutazamwa kama aliyeshindwa.

Mwaka 1948 alianza mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ilikuwa ya heshima, lakini mkaguzi Mwafrika alilipwa pungufu kuliko Mzungu mwenye kazi iyo hiyo. Siku moja, akiwa peke yake ofisini, aliingia mama wa Kizungu aliyeleta chupa ya maziwa ipimwe. Mama yule alitazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, alimwuliza kwa upole kama macho yake yalikuwa na kasoro. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye, nasi hatudhani kwamba alikisimulia kwa kuchekesha tu.

Akajitia katika kazi za vyama vya wafanyakazi. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, na vyama vya siasa vya Waafrika kupigwa marufuku, vyama vya wafanyakazi vilibaki karibu peke yake kuwa kinywa cha watu. Na mwaka 1953 Mboya, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyewasemea mpaka wakapata nyongeza. Mwaka huo huo ulimjia msaada wa masomo wa kwenda Ruskin College, mjini Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wasiopata nafasi ya kusoma ujanani. Alikaa huko mwaka mmoja wa masomo. Hakurudi na shahada. Hata hivyo alirudi akijua jambo ambalo wengi waliokwenda Ulaya hawakulijali: kwamba nafasi ya mtu mmoja haitoshi, na kwamba huenda zikapatikana nyingi kama mtu atakubali kuziomba kwa ajili ya wengine.

Inafaa kueleza hali ilivyokuwa. Katika miaka hiyo ya 1950 chuo cha Makerere peke yake ndicho kilichotoa shahada katika Afrika ya Mashariki yote, na nafasi zake zilikuwa chache. Serikali ya kikoloni ilipeleka wanafunzi wachache sana Uingereza. Kijana mwenye cheti kizuri aliyekosa Makerere alikuwa karani, basi. Na kila mtu aliona kwamba uhuru unakuja. Nani angeshika ofisi?

Mwaka 1956, alipotoka Oxford, Mboya alifika Marekani kwa mara ya kwanza. Huko alifanya urafiki na William Scheinman, mfanya biashara aliyeuza vipuri vya ndege, na wawili hao wakaanza kuwalipia nauli wanafunzi wachache. Ndipo walipogundua tatizo lilikuwa wapi. Vyuo vya Marekani, hata vile vidogo vya mashirika ya dini, vilikuwa tayari kusamehe karo. Kijana wa Nyeri au wa Kisumu aliweza kuandika barua mwenyewe, akakubaliwa, akapewa nafasi. Lakini nauli ya ndege ilizidi mapato ya baba yake ya miaka mingi, na barua ile njema ikabaki sandukuni.

Mwaka 1959 Mboya alirudi Marekani, akazunguka wiki zipatazo tano akihutubu, huku akiomba nafasi katika vyuo. Chuo Kikuu cha Howard kilimpa shahada ya heshima, yeye aliyeachishwa Mang'u na karo. Rafiki zake wakaunda shirika la kukusanya fedha, na watu mashuhuri, yaani Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji, wakatia sahihi zao katika barua ya kuomba msaada. Badala ya kununua tiketi moja moja, walikodi ndege nzima. Septemba 1959 vijana 81 walishuka New York.

Wasomaji wasidhani ya kuwa safari ile ilikuwa bure kwa wazazi. Shirika lilileta ndege, chuo kilisamehe karo, lakini mwanafunzi alitakiwa kuwa na fedha za kuanzia maisha. Hapo vijiji viliamka. Watu walifanya karamu za chai na ngoma za mchango; aliyekuwa na mbuzi aliuza mbuzi. Kijana alipopanda ndege alikuwa na deni kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Mwaka uliofuata maombi yalizidi, na Serikali ya Marekani ikakataa kulipia ndege. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port, Massachusetts, kuonana na Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais. Wote wawili walikuwa Wakatoliki. Mmoja mtoto wa tajiri mkubwa, mwingine mtoto wa nyapara wa katani, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30. Mfuko wa ukoo wa Kennedy, uliopewa jina la kaka yake aliyekufa vitani, ulitoa dola 100,000. Jambo hilo likaingizwa katika vita vya uchaguzi, huku upande wa pili ukidai kwamba nao ulikuwa tayari kutoa fedha. Kwetu sisi si kitu nani alitoa kwa nia safi na nani kwa kura, ndege ziliruka. Kuanzia 1959 mpaka 1963 walisafiri wanafunzi karibu 800, wengi wao wa Kenya, na wengine wa nchi jirani.

Lawama hazikukosekana. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walisema vyuo vya Marekani ni hafifu na wanafunzi wamechaguliwa ovyo. Wengine waliona kwamba Mboya anajijengea jeshi la wafuasi, naye Oginga Odinga akawatafutia vijana wengine nafasi katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Hatusemi kwamba lawama zote zilikuwa za chuki. Kusamehewa karo si kulishwa, na kijana aliyefika na fedha kidogo katika nchi ya theluji aliona taabu. Lakini kwa haki yatupasa kuuliza: waliolaumu walikuwa wamefungua nafasi ngapi?

Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, aliyetoka shule ya masista wa Loreto huko Limuru. Alipokewa na masista Wabenedikto katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Mwaka 1964 alipata shahada ya elimu ya viumbe, akaendelea Pittsburgh, kisha akarudi nyumbani. Huyo ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Twamtaja kwa sababu wakati ule baba wengi walisita kumtuma binti ng'ambo, na wengine wangali wakisita.

Mboya mwenyewe alifunga ndoa Januari 1962 na Pamela Odede, aliyekuwa amesoma Ohio. Akawa waziri wa kazi, kisha wa sheria na katiba, kisha wa mipango ya uchumi. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Misa ya wafu iliadhimishwa katika Kanisa la Familia Takatifu katikati ya ghasia kubwa, naye akazikwa Rusinga, katika kisiwa cha baba zake.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1971, Wangari Maathai alitunukiwa udaktari wa falsafa mjini Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Shahada hiyo aliipatia hapa hapa nyumbani.