CLAUDE MONET: Mchoraji Aliyekimbizana na Jua

Mtu wa pwani hahitaji kufunzwa kwamba nuru ya alfajiri si ya alasiri, wala ya alasiri si ya magharibi. Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, aliutumia umri wake wote kulionyesha jambo hilo kwa rangi.

Alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840, akakulia Le Havre, mji wa bandari. Huko mchoraji Eugène Boudin alimtoa chumbani, akamzoeza kuchorea nje chini ya mbingu. Mwaka 1861 alipelekwa Aljeria akiwa askari. Mwaka uliofuata aliugua akarejea kwao, na shangaziye akalipa fedha ili aachiliwe jeshini. Lakini jua la Maghribi lilikwisha kumkaa moyoni.

Ufukara ulimwandama. Mwaka 1874 yeye na wenziwe walionyesha kazi zao Paris wakachekwa, hata jina la mtindo wao likazuka kwa dhihaka, kutokana na picha yake ya jua likichomoza bandarini. Mwaka 1879 mkewe Camille alifariki, naye ana miaka 32 tu. Monet alimchora pale pale kitandani, na baadaye alikiri kuwa alijishtukia akizifuata rangi zilizokuwa zikigeuka usoni mwa kipenzi chake.

Mwaka 1883 alihamia kijiji cha Giverny. Karibu na nyumba yake wakulima walirundika miganda ya ngano baada ya mavuno. Tangu 1890 hadi 1891 alichora marundo hayo hayo mara zipatazo 25: asubuhi, jioni, katika ukungu na katika theluji. Alitoka na vitambaa kadhaa. Nuru ikigeuka, hukiweka hiki akatwaa kingine. Mei 1891 picha 15 zilionyeshwa Paris, zikanunuliwa mbio. Mojawapo ya marundo hayo iliuzwa New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 110.

Basi tazama majaaliwa! Mwaka 1912 mganga alimwambia ana mtoto wa jicho. Rangi zikamchanganyikia, yeye aliyeishi kwa macho. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akaendelea na kazi hadi alipofariki tarehe 5 Desemba 1926, mwenye miaka 86.

Ngano ile ilipurwa zamani ikaliwa. Nuru iliyoiangukia saa ile ingalipo.