Sultani Barghash na pesa yenye mizani

KATIKA machimbo ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mnunuzi wa dhahabu haamini macho peke yake. Kwanza anapima. Alama hiyo ya mizani ndiyo aliyoichagua Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, kwa sarafu yake ya shaba zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mtoto wa Sayyid Said. Baba yake alipofariki mwaka 1856, kiti kilikwenda kwa kaka yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kukitwaa kwa nguvu, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili. Alitawala kuanzia mwaka 1870, Majid alipofariki.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuzamisha meli. Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Ilibidi ategemee karafuu zilizosalia, hasa za Pemba, na ushuru wa bidhaa zilizopita bandarini, zikiwamo pembe za ndovu za misafara ya Tabora. Hata hivyo aliwaletea wakazi wa mji maji safi ya chemchemi, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Biashara wakati huo iliendeshwa kwa rupia ya India na reale ya Maria Theresa, fedha kubwa mno kwa mtu anayenunua mihogo. Mwaka wa Hijria 1299, yaani karibu 1882, Barghash alitoa sarafu zake: pesa ya shaba, reale ya fedha, na chache za dhahabu. Pesa ilienea na sasa hupatikana kwa urahisi, lakini zile za fedha na dhahabu ni adimu. Kwa hiyo hizo ndizo zinazovutia waghushi.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakimwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu wa pwani. Alifariki Machi 1888.

Msomaji, ukiletewa sarafu ya zamani baada ya mavuno, usitoe fedha kwa hadithi yake. Ipime kwa mizani ya dhahabu. Reale ya Maria Theresa, kwa mfano, ina gramu 28.07, ikipungua sana, ulizia. Isogezee sumaku, maana dhahabu, fedha na shaba hazivutwi. Lakini kutovutwa si ushahidi wa kutosha, kwa sababu hata risasi haivutwi. Tazama ukingo: mstari wa kiungo au vitundu vya mapovu ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Mwaka nao unaweza kudanganya. Reale hiyo iliendelea kupigwa ikiwa na 1780 muda mrefu baada ya Maria Theresa kufariki.

Ikiwa ni halisi, bei hutegemea hali yake. Wakusanyaji wengi hutumia madaraja ya 1 hadi 70. Sarafu ambayo haijawahi kupita mikononi mwa watu huanzia 60. Iliyolika kiasi kwamba maandishi yanasomeka kwa shida huwa chini kabisa. Angalia sehemu zilizoinuka, ndizo hulika kwanza.

Usiisugue kwa mchanga, limau wala majivu. Mng'ao utaongezeka, lakini bei itashuka. Na wachimbaji, msiijaribu kwa zebaki: hushika fedha na dhahabu, ikaiharibu sarafu, na mvuke wake ni sumu.

Barghash aliweka mizani kwenye sarafu ndogo kuliko zote alizotoa, ile ya mnunuzi wa kawaida. Mwenye duka naye asione aibu kupima mbele ya mteja.