Arthur Ashe: Bingwa wa tenisi aliyeanza kwa kukaa pembeni kutazama

Kwa mtoto wa Lulindi, wilayani Masasi, mpira ni kandanda. Tenisi huenda kaiona kwenye TV tu, akajua ni mchezo wa wenye nazo.

Arthur Ashe, bingwa wa dunia aliyewahi kufika Tanzania, hakuwa mtoto wa wenye nazo.

Alizaliwa Julai 10, 1943, Richmond, Marekani, enzi za ubaguzi. Baba yake alikuwa msimamizi wa Brook Field, eneo la michezo la watu Weusi, na familia iliishi humo humo. Mama alifariki 1950, Arthur akiwa na miaka 6.

Dogo akawa anakaa pembeni kumtazama kijana mmoja, Ron Charity, akifanya mazoezi ya tenisi. Siku moja Charity akamuuliza kama anataka kujifunza. Akakubali.

Wakaanza na yale ya mwanzo kabisa: kushika raketi, kupiga mpira upande wa kulia, kisha wa kushoto, halafu kuanzisha.

Baadaye Charity akampeleka kwa Dk. Robert Walter Johnson, daktari aliyewafundisha watoto Weusi tenisi nyumbani kwake Lynchburg. Huko sheria ilikuwa moja: mpira ukitoka nje kidogo tu ya mstari, urudishe, usibishane. Wabaguzi wasipate kisingizio cha kuwafukuza.

Mwaka 1968 Ashe akatwaa US Open, na 1975 Wimbledon. Alikuwa mwanaume Mweusi wa kwanza kushinda yote mawili.

Lakini hakuwasahau watoto. Mwaka 1969 alishiriki kuanzisha mpango wa kufundisha tenisi watoto wa mitaa ya hali ya chini Marekani. Mwaka 1970 alizunguka Afrika na Stan Smith, Tanzania ikiwemo.

Mwaka uliofuata, akiwa Yaoundé, Cameroon, alimwona mtoto wa miaka 10 akicheza. Akamtaarifu kiongozi wa tenisi Ufaransa, Philippe Chatrier, na dogo akapelekwa huko kusomea mchezo. Kumbe ndiye Yannick Noah, bingwa wa French Open 1983.

Ashe alifariki Februari 6, 1993, akiwa na miaka 49, kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Virusi alivipata kwenye damu aliyoongezewa baada ya upasuaji wa moyo.

Charity alimwona Arthur, Arthur akamwona Noah. Pengine na Lulindi yupo mtoto amekaa pembeni, anasubiri mkubwa amuulize kama anataka kujifunza.