Road Warrior Hawk: Fahali aliyenawiri zizini pamoja na mwenzake

WAHENGA walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Lau methali hiyo ingalikuwa kanuni isiyovunjika, Michael Hegstrand, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Road Warrior Hawk, asingalipata nafasi yoyote ya maana katika historia ya mieleka ya kulipwa.

Hawk, aliyeaga dunia Oktoba 19, 2003 akiwa na umri wa miaka 46, alijaliwa takriban kila sifa ambayo promota hutafuta kwa nyota wa kupambana peke yake. Alikuwa na kimo, kifua kipana, sauti nzito yenye mkwaruzo na ulimi mwepesi mbele ya kamera. Hata hivyo, hakuwahi kuvikwa mkanda wa bingwa wa dunia wa shirika lolote kati ya yale matatu makuu ya Marekani ya enzi zake, yaani AWA, NWA na WWF, akiwa peke yake. Akiwa na mwenzake, Joseph Laurinaitis maarufu kama Animal, alitwaa mikanda ya timu ya mashirika yote matatu. Hakuna jozi nyingine iliyowahi kufanya hivyo.

Wasomaji waliokuwa wakikodolea macho runinga au kugombania kanda za video za mieleka katika miaka ya 1990 hawajawasahau majabali hao wawili. Nyuso zao zilipakwa rangi, vichwa vyao vilinyolewa kwa mitindo ya ajabu na mabegani walivaa ngao zenye miiba mirefu. Wachache walitambua wakati huo kwamba nyuma ya rangi hiyo mlikuwa na somo kuhusu watu ambao nguvu zao hudhihirika tu wanapokuwa na mwenza.

Kuanguka kabla ya kuinuka

Hegstrand alizaliwa mwaka wa 1957 katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa baunsa katika baa moja ya mji wa Minneapolis iliyoitwa Gramma B's. Katika baa hiyo alikuwamo pia Eddie Sharkey, mwanamieleka wa zamani aliyekuwa akiwauzia watu vinywaji huku akiwanoa vijana waliotaka kuingia ulingoni. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Rick Rude, Barry Darsow, Laurinaitis na Hegstrand mwenyewe.

Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni kwamba Hawk na Animal walianza kila mmoja kivyake, na kila mmoja akashindwa. Laurinaitis alipelekwa Georgia mwaka wa 1982 kuigiza mwendesha pikipiki mkorofi, lakini jaribio hilo halikudumu. Hegstrand naye alivuka mpaka hadi Vancouver, Canada, akapewa jina la Crusher Von Haig na kuambiwa aigize katili wa Kijerumani. Mashabiki hawakumwona kuwa tofauti na makatili wengine waliomtangulia.

Mwaka wa 1983, Ole Anderson, aliyekuwa akiandaa mapigano ya Georgia, aliamua kuwaunganisha. Jina la Road Warriors lilichotwa kutoka kwa filamu ya Mel Gibson iliyokuwa imevuma miaka michache awali. Vijana wawili ambao mmojammoja hawakuwa wameacha alama yoyote wakawa gumzo la mieleka nchini humo chini ya miezi michache.

Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga huwa matatu. Figa la tatu lilikuwa Paul Ellering, mwanamieleka wa zamani aliyefanywa meneja wao. Katika mchezo huo mameneja wengi huwa waigizaji tu, kazi yao ikiwa kupiga kelele kando ya ulingo. Ellering alikuwa meneja hasa. Alipanga safari zao, akajadiliana kuhusu malipo yao na kuchunga matumizi yao.

Kwa nini wawili?

Ili kuelewa kisa cha Hawk, inafaa kwanza kuelewa kazi yenyewe. Mieleka ya kulipwa ni mchezo ambao mshindi wake hupangwa mapema. Anayepewa mkanda si lazima awe ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Hupewa yule ambaye waandaaji wanaamini ataweza kuwavuta watazamaji walipe kiingilio usiku baada ya usiku. Kwa hivyo swali la nani anafaa kupambana peke yake na nani anafaa kuwa katika jozi ni swali la ufundi wa kusimulia hadithi kwa mwili.

Anayepambana peke yake hana wa kumpokea. Atalazimika kuujaza muda wa dakika 20, 30 au hata saa nzima kwa pumzi zake mwenyewe. Lazima ajue kupunguza kasi, kuumia, kuonekana amekwisha, kisha kufufuka wakati ambapo umati umeanza kukata tamaa. Shujaa asiyeonekana kuumia hana hadithi, maana watazamaji hawatamhofia.

Katika mapambano ya timu, mmoja huwa ndani na mwenzake husubiri kwenye ukingo wa ulingo, nje ya kamba, hadi aguswe mkono. Hadithi hujengwa juu ya mguso huo. Mmoja hupigwa, akatambaa kuelekea kona yake, akazuiwa, akatambaa tena. Hatimaye mikono inapokutana, anayeingia huwa kama mafuriko yaliyovunja ukingo. Huyo hahitaji kuumia. Anachohitaji ni kuwa na kishindo.

Hawk alikuwa kishindo chenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko wanaume wengi wa uzani wake, akirukaruka kama mtu wa kilo 80 ilhali alipita kilo 110. Alipopigwa, mara nyingi alisimama wima papo hapo kana kwamba hakuguswa. Tabia hiyo iliwakera baadhi ya wapinzani, na katika pambano refu la mtu mmoja ingaliua msisimko. Ndani ya timu ikawa ndiyo bidhaa iliyouzwa.

Hata pigo lao la kumaliza pambano halingaliwezekana kwa mtu mmoja. Animal alimbeba mpinzani mabegani, naye Hawk akapanda juu ya nguzo ya kona, akaruka na kumpiga kifuani kwa mkono ulionyooshwa. Pigo hilo lililoitwa Doomsday Device lilihitaji mbebaji asiyeyumba na mrukaji asiyeogopa. Animal alikuwa nguzo, Hawk akawa radi.

Waandaaji walimjaribu pia akiwa peke yake. Julai 1986 alipambana mjini Philadelphia na Ric Flair, bingwa wa dunia wa NWA aliyesifika kwa mapambano marefu yasiyomwishia pumzi. Flair aliondoka na mkanda wake. Hawk akarejea kwenye kona aliyoizoea, na hakuna ushahidi kwamba mashabiki walimpungukia kwa sababu hiyo.

Ni vyema kulinganisha. Shawn Michaels alianza katika timu ya Rockers pamoja na Marty Jannetty, naye Bret Hart alikuwa katika jozi ya Hart Foundation pamoja na Jim Neidhart. Timu hizo zilipovunjika, Hart alitawazwa bingwa wa dunia wa WWF mwaka wa 1992 na Michaels akamrithi mwaka wa 1996. Jannetty na Neidhart hawakukifikia kilele hicho. Kwa Hart na Michaels, timu ilikuwa shule ya kuhitimu na kuondoka. Kwa Hawk, timu ilikuwa nyumbani.

Mavuno

Agosti 1984 Hawk na Animal walitwaa mkanda wa timu wa AWA mjini Las Vegas kwa kuwashinda Baron von Raschke na The Crusher, wakaushikilia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aprili 1986 waliibuka washindi wa kwanza wa kombe la Jim Crockett Sr mjini New Orleans, mashindano ya timu ambayo zawadi yake ilitangazwa kuwa dola milioni moja.

Nchini Japani, ambako walianza kupigana mwaka wa 1985, walipokelewa kama viumbe kutoka sayari nyingine. Machi 1987 waliwapokonya Jumbo Tsuruta na Genichiro Tenryu mkanda wa kimataifa wa timu. Oktoba 1988 wakatwaa ule wa NWA kutoka kwa Midnight Express. Mwaka wa 1990 walihamia WWF kwa jina la Legion of Doom, na Agosti 1991 wakawabwaga Nasty Boys katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hesabu ya mikanda mitatu ikatimia.

Timu nyingi ziliwaiga, rangi usoni na yote, lakini kupaka rangi ni rahisi kuliko kuelewana.

Ufa ukutani

Agosti 29, 1992, watazamaji waliokisiwa kuwa zaidi ya 80,000 walifurika uwanja wa Wembley jijini London. Hawk na Animal waliingia wakiendesha pikipiki, wakawashinda Money Inc. Kwa mtazamaji wa kawaida, huo ulikuwa ushindi mwingine tu. Kumbe ulikuwa mwisho wa enzi. Hawk, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akisumbuliwa na pombe na dawa, aliiacha kampuni baada ya usiku huo, akamwacha Animal njia panda. Muda si mrefu Animal akaumia mgongo na kukaa nje ya ulingo kwa miaka kadhaa.

Hapa ndipo maisha ya Hawk yanapojibu swali letu waziwazi kuliko mikanda yote. Sasa alikuwa huru. Jina lake lilijulikana kila bara na hakuwa na mwenza wa kumfunga. Je, alifanya nini? Alielekea Japani na kutafuta mwenza mwingine. Kensuke Sasaki alipakwa rangi, akapewa jina la Power Warrior na pamoja na Hawk wakaunda timu ya Hell Raisers. Desemba 1992 walitwaa mkanda wa timu wa IWGP, wakautwaa tena Januari 1994. Mtu aliyetoka katika jozi alikuwa amejenga jozi nyingine kabla mwaka haujakwisha.

Animal alipopona, wawili hao waliungana tena mwaka wa 1996, na mwaka uliofuata wakarudi WWF na kuutwaa mkanda wa timu kwa mara ya pili. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika, nao umri haukuwa ukiwasubiri.

Mwaka wa 1998 kampuni hiyo ilifanya jambo ambalo hadi leo wapenzi wengi wa mieleka hulitaja kwa masikitiko. Udhaifu wa kweli wa Hawk uligeuzwa kuwa mchezo wa kuigiza. Aliletwa mbele ya kamera akipepesuka kama mlevi, na Novemba mwaka huo akaonyeshwa akianguka kutoka juu ya skrini kubwa ya ukumbini. Maradhi ya mtu yakawa burudani ya Jumatatu usiku. Jambo baya zaidi ni kwamba kisa hicho kilijengwa juu ya kumtenga na Animal, yaani kumpokonya mtu huyo kitu kimoja kilichokuwa kikimsimamisha. Wawili hao hawakukaa sana katika kampuni hiyo baada ya hapo.

Mwisho wa safari

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Hawk na Animal waliokoka, na Hawk akajitahidi kuyapa maisha yake mkondo mpya. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kudhoofika. Mei 2003 walirudi kwa usiku mmoja katika ulingo wa kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa WWE, wakapambana na Kane na Rob Van Dam na kushindwa. Miezi mitano baadaye Hawk alifariki kutokana na mshtuko wa moyo nyumbani kwake Indian Rocks Beach, Florida.

Animal aliachwa na tatizo lile lile ambalo Hawk alikumbana nalo baada ya Wembley. Naye pia hakutaka kusimama peke yake. Julai 2005 alitwaa mkanda wa timu wa WWE akiwa na Heidenreich, akautoa ushindi huo kwa heshima ya marehemu mwenzake. Aprili 2011 Hawk, Animal na Ellering waliingizwa pamoja katika jumba la mashujaa wa WWE, mafiga yote matatu kwa jina moja. Animal alifariki Septemba 2020 akiwa na umri wa miaka 60.

Katika michezo, kama katika kazi nyinginezo, tumezoea kumwona anayefanya kazi na mwenzake kuwa bado hajafika, kana kwamba kilele lazima kiwe cha mtu mmoja. Hawk alipewa nafasi ya kukiparamia kilele hicho. Alipokuwa peke yake mwanzoni, hakuna aliyemtambua. Alipokuwa huru katikati ya safari, alitafuta mwenza. Alipotenganishwa na mwenzake kwa ajili ya mchezo wa runinga, kilichobaki kilikuwa mtu mgonjwa mbele ya umati uliokuwa ukicheka.

Bila shaka alikuwa fahali. Lakini promota aliyemfaa kuliko wote ni yule aliyemfungulia zizi ambamo fahali mwingine alikuwa tayari akimsubiri.