Ronald Ngala: Mtetezi wa jamii ndogo aliyetaka kinga ya katiba

WAKENYA wengi hulijua jina la Ronald Gideon Ngala kutokana na barabara yenye shughuli nyingi katikati ya jiji la Nairobi. Mwenyewe, hata hivyo, alikuwa mwanasiasa aliyeuliza swali zito wakati uhuru ulipokaribia: je, jamii ndogo zingelindwa na nini baada ya mkoloni kuondoka, iwapo serikali ingeshikwa na wenye idadi kubwa?

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 miongoni mwa Wagiriama, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kilifi. Alisomea Shule ya Upili ya Alliance kisha akaelekea Makerere, Uganda, kupata mafunzo ya ualimu. Baadaye aliiongoza shule ya Buxton, Mombasa, akiwa mwalimu mkuu.

Mnamo 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Suala la nchi, yaani ardhi, lilikuwa donda la Pwani nzima. Sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 iliwaruhusu watu binafsi kudai mashamba na kupewa vyeti. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa pamoja kwa mujibu wa mila, waliambulia patupu na kugeuka maskwota penye makaburi ya wazee wao. Aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji kufunzwa kwamba sheria yaweza kumpokonya mnyonge haki yake, au kumlindia.

Mwaka wa 1957 Ngala alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi na Masinde Muliro. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka wa 1960 aliteuliwa mweka hazina ilhali alikuwa nje ya nchi. Alikataa wadhifa huo. Yeye, Moi, Muliro na wenzao walianzisha KADU, chama kilichozileta pamoja jamii zilizohofia kumezwa: Wamijikenda, Wakalenjin, Wamaasai na baadhi ya Waluhya.

Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ikakataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. KADU ilikubali, ikiungwa mkono na walowezi wa mrengo wa Michael Blundell, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Hatua hiyo ilimletea lawama za kudumu. Mahasimu wake walidai kwamba majimbo aliyoyapigania yalikuwa hila ya wazungu ya kuligawa taifa kabla halijazaliwa.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka wa 1962, hoja yake ilipata nguvu. Katiba ya uhuru ya mwaka wa 1963 iliigawa nchi katika majimbo saba yenye mabaraza yake, mbali na eneo la Nairobi. Iliunda Seneti ya wanachama 41, ambamo wilaya yenye watu wachache ilikuwa na sauti sawa na ile yenye watu wengi. Vifungu muhimu vilifungwa kwa kufuli imara: havingebadilishwa bila idhini ya asilimia 90 ya maseneta.

Kufuli hilo halikudumu. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa wingi wa viti. Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani, lakini serikali kuu haikuyapa majimbo fedha na mamlaka yaliyostahili. Wabunge wa KADU walihama mmoja baada ya mwingine, na mnamo Novemba 1964 Ngala mwenyewe alikivunja chama na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Mamlaka ya majimbo yakapunguzwa, na kufikia mwaka wa 1967 Seneti ilikuwa imeunganishwa na Bunge la Wawakilishi.

Wapo waliomwona msaliti wa waliomwamini, na wapo waliosema alichagua umoja badala ya umwagikaji wa damu. Katika mkutano wa Limuru wa 1966 alichaguliwa makamu wa rais wa KANU anayewakilisha Pwani, kisha akateuliwa waziri. Alikuwa angali waziri alipofariki siku ya Krismasi, 1972, kutokana na majeraha ya ajali katika barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 49. Maelezo ya dereva kwamba nyuki waliingia garini yamezua maswali kwa miongo mingi.

Neno majimbo nalo lilichafuka. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wanasiasa walilitumia kuhalalisha kufurushwa kwa walioitwa wageni, na raia wasio na hatia wakauawa Bonde la Ufa na Pwani.

Katiba ya 2010 ilifufua sehemu ya fikra zake kwa sura mpya: kaunti 47, Seneti, na Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyotengwa. Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali kuhakikisha kwamba jamii ndogo zinawakilishwa katika uongozi na kupata elimu, ajira, maji na matibabu. Tena, malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi haviwezi kubadilishwa bila kura ya maamuzi.

Ufunguo wa mwaka wa 1963 uliachwa mikononi mwa wanasiasa, nao waliutumia katika muda wa mwaka mmoja tu. Wa sasa umo mikononi mwa wananchi.