Daktari wa jicho moja na watoto wa kando ya ziwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kila maradhi kuwa na dawa yake. Ndugu msomaji, elimu yenye manufaa huchukuliwa popote ilipo. Leo tunamtaja mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, lakini kazi yake imewafaa watoto wengi wa kando ya Ziwa Victoria.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi, kisha akaugeukia utabibu, na mwaka 1946 akaja Uganda akiwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde akamwona mwingine Jinja, akatambua kuwa ni saratani moja, akaiandikia mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakipita pia Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Ikabainika kuwa ugonjwa huo umeshamiri penye joto na mvua, ambako malaria nayo imekithiri.

Kisu hakikuufaa ugonjwa huo, na mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Ndipo Burkitt alipojaribu dawa ambazo zilikuwa bado ngeni, zikiwemo methotreksati na siklofosfamaidi. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Wengine uliwarudia wakafariki; wengine walipona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya saratani kilianzishwa Kampala, naye Burkitt akafariki mwaka 1993. Siklofosfamaidi ingali nguzo ya tiba hiyo.

Enyi wazazi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ziwa hilo ni jirani yetu. Mtoto akivimba taya au meno yakilegea bila sababu, msingoje. Mpelekeni hospitali, naye ataelekezwa Bugando, Mwanza, ikilazimu. Na mkiombwa aingizwe katika majaribio ya dawa, ulizeni: dawa ni ipi, madhara yake ni yapi, na kama mtaweza kumtoa. Kuuliza si utovu wa adabu, wala kukubali si kukosa tawakali. Mtoto ni amana, na amana haikabidhiwi gizani.

Wallahu aalam.