George Lilanga, Mchoraji wa Nyuso Zinazocheka

Msomaji wa Lindi akisikia jina Kikwetu, hufikiri mara moja juu ya uwanja wa ndege. Ni wachache wanaojua kwamba jina hilo limeandikwa pia katika vitabu vya sanaa vya ng'ambo, kwa sababu ya mtu mmoja: George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa Kikwetu, huku kwetu kusini, mwaka 1934, na kufariki dunia Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Sikusudii kuandika habari zake kwa ajili ya umaarufu wake tu. Naandika zaidi kwa sababu ya miaka yake ya mwisho, ambayo huikumbuka kila ninapowapelekea Komunyo wagonjwa wa Tingi na vijiji vya jirani, hasa wale ambao ugonjwa wa kisukari umewafunga kitandani au umewaondolea kiungo cha mwili.

Lilanga alikulia katika jamii ambayo kwake kuchonga si kazi ya wachache wenye kipaji cha ajabu, bali ni sehemu ya malezi. Wamakonde wana mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando, na ndani ya vinyago hivyo zimo sura za wahenga, za wageni, hata za watu wa serikali waliowahi kupita kijijini. Kwa hiyo kijana wa Kimakonde alijifunza mapema kuutazama uso wa mtu na kuushika akilini. Alipomaliza masomo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lilanga alianza kuchonga mizizi ya mihogo, ambayo ni laini na haimchoshi anayejifunza, kisha akahamia kwenye mpingo, mti mgumu usiosamehe kosa la patasi. Baadhi ya kazi zake za mwanzo zilinunuliwa na Wazungu waliokuwa wakihudumia kambi za wakimbizi kutoka Msumbiji, na hao ndio waliomshauri aende Dar es Salaam.

Akaenda, akimfuata mjomba wake, Augustino Malaba, ambaye naye alikuwa mchongaji. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Shirika la Maryknoll kutoka Marekani, alianzisha jijini humo Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo vijana wasio na kazi wala mtaji walipata vifaa, mafunzo na soko. Lilanga hakuingia humo kama msanii. Aliingia kama mlinzi wa usiku. Napenda kulitafakari jambo hilo, na waamini wanisamehe nikikaa nalo kidogo. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kujaza kuta za majumba ya makumbusho alikaa mlangoni akilinda kazi za wengine. Baadaye walimtambua, wakampa nafasi ya kujifunza pamoja na wenzake. Akachora kwa wino, akatia rangi vitambaa vya batiki, akachora juu ya ngozi za mbuzi, akachora juu ya mabamba ya chuma ambayo michoro yake hupigwa chapa kwenye karatasi. Nimewahi kujiuliza ni walinzi wangapi wa majengo yetu, pamoja na yale ya Kanisa, ambao hatujawahi kuwauliza wanaweza kufanya nini.

Hapo ndipo zilipozaliwa zile sura ambazo kila aonaye huzikumbuka: masikio makubwa, midomo mipana, macho yaliyotokeza, matumbo ya duara, miguu yenye vidole vichache. Huwa wengi pamoja. Mmoja amebeba mtoto, mwingine anacheza ngoma, wengine wanagombana au wanasengenyana, na mwingine amelewa. Chini yake Lilanga aliandika jina la kazi kwa Kiswahili, mara nyingi sentensi nzima, kama mtu anayesimulia habari za mtaani. Hakuchora picha ya mtu fulani kwa jina lake, kama wafanyavyo wachoraji wa picha za wakubwa. Hata hivyo, mwenye kuzitazama kwa utulivu humwona jirani yake, na asipojihadhari hujiona mwenyewe.

Sura hizo huitwa mashetani, na hapa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Je, inafaa tovuti ya jimbo kumsifu mtu aliyechora mashetani maisha yake yote? Swali ni la haki. Katika uchongaji wa Kimakonde, mtindo wa shetani ulipata nguvu katika miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, na neno lenyewe halina maana ileile tuitumiayo katika Katekisimu. Ni viumbe vya masimulizi na vya porini: vingine vya kutisha, vingine vya kuchekesha, vingine vyenye hila. Kwa Lilanga, kwa maoni yangu, vilikoma kabisa kutisha. Aliviondoa porini akavileta uwanjani mbele ya nyumba, akavipa watoto, njaa, wivu na kicheko. Alichokifanya ni kuuchora udhaifu wa binadamu bila kumdharau binadamu. Sisi mapadre, tunaosikiliza maungamo, tunaufahamu ugumu wa kazi hiyo.

Sifa zilikuja kwa haraka. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, kisha zikaenda katika nchi nyingi za Ulaya na kufika Japani. Aliacha weusi wa mpingo, akachonga mbao laini na kuzipaka rangi za mafuta zinazong'aa, nyekundu, njano na buluu, hata wapenzi wa vinyago vya zamani wakanung'unika. Hakuwajali, na nadhani alifanya vema.

Kisha ukaja ugonjwa. Ilipofika mwaka 2000 kisukari kilikuwa kimemdhoofisha sana, na hatimaye alikatwa miguu. Tuielewe hasara hiyo kwa mtu wa aina yake. Mchongaji huchonga kwa mwili mzima: hukaa chini, huushika mti kwa miguu, huinuka akauzunguka, huupiga kwa nguvu za mabega. Mtu huyo sasa alikuwa wa kubebwa na kusogezwa. Lakini mkono ulibaki, nao uliendelea kuchora mistari. Alikuwa amekwisha kuzoea kufanya kazi na vijana wa karakana yake, baadhi yao wakiwa ndugu, na katika ugonjwa utaratibu huo ukawa ndio njia ya kuendelea: yeye alichora umbo, wao walijaza rangi. Wapo wanunuzi waliolalamika kwamba kazi ya namna hiyo si ya mkono wake peke yake. Mimi naona ndiyo iliyo yake zaidi, kwa sababu alikubali kwamba hawezi kuimaliza bila wengine, akaiacha mikono yao ionekane.

Na sura alizochora wakati huo hazikulia. Ziliendelea kucheza, kwa miguu ambayo yeye hakuwa nayo tena. Sitaki kulipamba jambo hili. Kuna wagonjwa wetu wanaoficha kidonda cha mguu hadi kinanuka, kwa hofu ya kukatwa, na wengine hufika hospitali wakati umepita. Kukatwa mguu ni msiba, na mgonjwa ana haki ya kuulilia. Uponyaji ambao Kanisa huuomba katika Mpako wa Wagonjwa si lazima urudishe kilichokatwa. Yakobo alitoka katika mweleka wake na baraka akiwa anachechemea. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyewaandikia wasanii barua mwaka 1999, na ambaye mwaka 1984 alikuwa ameandika juu ya maana ya mateso, alifariki tarehe 2 Aprili 2005 baada ya ulimwengu kumwona akinyang'anywa mwendo na kisha sauti. Miezi isiyotimia mitatu baadaye akafariki Lilanga. Hawakufanana katika lolote lingine nilijualo, lakini wote wawili hawakujificha walipodhoofika.

Wakati wa kifo chake, kazi zake zilikuwa safarini katika onesho kubwa la sanaa ya Afrika lililoitwa Africa Remix, ambalo lilikuwa limefunguliwa Düsseldorf mwaka 2004 na kupita London na Paris. Mwaka 2006 onesho hilo lilifika Tokyo. Huko watu wasiojua Kiswahili wala Kimakonde walisimama mbele ya masikio yale makubwa na midomo ile mipana, bila kuambiwa kwamba yule aliyeyachora aliwahi kukesha mlangoni akilinda michoro ya wenzake.